Mtera: Ghala la Maji Katika Nchi Kavu



Juma lililopita tulikuwa safarini kuelekea Dodoma. Tulitoka Nanyamba alfajiri, tukashika njia ya Masasi, Tunduru na Songea, tukalala njiani mara mbili, na siku ya tatu tukaiacha Iringa na kuteremka milima ya Nyang'oro. Anayetoka kwenye mikorosho yetu hushtuka hapo. Nchi inageuka rangi ya majivu. Miiba, mibuyu na vumbi, na hewa ya moto kama ya mdomo wa tanuri. Si jangwa kwa maana kamili, lakini mwezi wa Oktoba hakuna anayebishana juu ya jina. Tulipita Izazi na Migoli bila kuona mto wenye maji. Kisha, ghafla, likatokea bwawa.

Mtera si bwawa la kutazama mara moja na kumaliza. Likijaa, maji yake hutanda zaidi ya kilometa za mraba 600, mahali ambapo Ruaha Mkuu na Kisigo hukutana. Barabara ya Iringa hadi Dodoma hupita juu ya ukuta wenyewe, na ulinzi ni mkali. Tulikumbushwa tusipige picha. Upande mmoja ni maji mpaka macho yachoke, na vigogo vya miti iliyokufa vikiwa vimesimama ndani yake. Upande wa pili ni korongo la mawe.

Katika gari letu alikuwamo mama mmoja wa parokia ambaye utotoni aliteremka bondeni kuteka maji na kupanda mlima na mtungi kichwani. Wasomaji wetu wa uwanda wa Makonde hawahitaji kuelezwa: tangu miaka ya 1950 maji ya Mitema, katika bonde la Kitangari, husukumwa kwa mashine kuja juu, na mashine zikinyamaza, ndoo hukauka. Mama huyo alitazama kimya kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Padri, na hawa wenyeji, maji yote haya wanayanywa?"

Swali lake linatudai historia. Bwawa hili lilijengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, kwa fedha za nje zikiwamo za Sweden, na likaanza kazi mwaka 1980. Halikujengwa kwa ajili ya watu wa Mtera. Kituo cha umeme cha Kidatu, mbali huko mashariki ambako Ruaha unateremka kwenda Kilombero, kilikuwa kimeanza kazi mwaka 1975, na ili kifikie megawati 204 kilihitaji maji ya uhakika hata wakati wa kiangazi. Mtera ikawa ghala lake. Kwa miaka minane ilitunza maji bila kuzalisha umeme wake yenyewe. Mitambo yake ya megawati 80 ilianza mwaka 1988. Yusufu wa Misri angelielewa bwawa hili haraka kuliko sisi.

Lakini ghala halijijazi. Maji hutoka mbali, Usangu, na kuanzia mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulianza kukauka kila kiangazi ndani ya hifadhi, jambo lisilokuwa la kawaida. Taifa likaonja mgawo wa umeme mwaka 1992, 1994, na ule mchungu wa 2006. Kina cha Mtera, ambacho kisishuke chini ya mita 690 juu ya usawa wa bahari, kikawa habari ya redioni, watu wakiifuatilia kama hali ya mgonjwa wa familia.

Hapo ndipo bwawa hili lilipoanza kutugusa sisi wa Kusini. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu na Ihefu ili mto upone, na wengi wao walielekezwa Lindi. Wakulima ambao mababu zao hawakufuga ng'ombe wakaamka na kuona makundi makubwa ya mifugo porini kwao. Kwa maoni yetu, lawama haikugawanywa kwa haki: mifereji ya mashamba makubwa ya mpunga, Mbarali na Kapunga, nayo ilikuwa ikinywa mto uleule, lakini mfereji haukuambiwa uhame.

Tena, Oktoba 2015, mabwawa yalikuwa yamepungua kiasi kwamba mitambo ya maji nchini ilizimwa. Mwezi huohuo lilizinduliwa bomba la gesi la kilometa zipatazo 540, linaloanzia Madimba, wilayani kwetu, hadi Dar es Salaam. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, ikaenda kuziba pengo la Mtera. Mkoa wetu wenyewe wakati huo ulikuwa nje ya gridi ya Taifa. Nanyi mnakumbuka kilichotangulia: maandamano ya Desemba 2012, ghasia za Januari na Mei 2013, na watu waliopoteza maisha kwa swali lisilotofautiana sana na la mama yetu pale ukutani.

Tulimpelekea swali hilo mwanamke aliyekuwa akiuza perege wa kukaanga kando ya barabara. Alicheka. "Maji ni ya samaki na ng'ombe, mama. Umeme una safari zake."

Mama alinunua samaki wa shilingi elfu tano, akaomba nyongeza, akapewa.

Tuliingia Dodoma usiku, mji ukiwa umewaka taa kila upande. Akiwa nusu usingizini, alituuliza kama taa zile ni za gesi yetu au za maji ya kule. Tulimjibu kwamba ndani ya nyaya vyote huchanganyika, wala hakuna awezaye kuvitenganisha. Hakuridhika. Alisema basi angalau wangekuwa wanaandika.