Waliohesabu mbung'o kwa migongo yao

Fungua vitabu vya zamani vya utafiti wa mbung'o Tanganyika, utakuta majedwali yamejaa namba: dume wangapi, jike wangapi, mwezi gani, pori gani. Sasa jiulize, nani aliyewakamata?

Tuanzie Biharamulo. Mapori ya huko na ya jirani zao wa Ngara yalikuwa na mbung'o aina ya Glossina morsitans, anayeeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa Biharamulo na kuwakusanya kwenye makazi ya pamoja ili kuwaepusha na malale. Kupigana na mdudu wa namna hii kulihitaji hesabu: yuko wapi, anaongezeka au anapungua?

Njia ya kuhesabu ilikuzwa Shinyanga, kwenye kituo cha utafiti kilichoongozwa na Charles Swynnerton hadi alipofariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Kinjia kilipasuliwa porini na kugawanywa vipande. Wanaume wakakipita wakiwa na kitambaa cheusi, kwa sababu mbung'o huyu hufuata kitu kinachotembea. Kila baada ya hatua kadhaa walisimama, wakawanasa kwa vyavu vya mkono mbung'o waliotua kwenye kitambaa au kwenye miili ya wenzao, kisha safari ikaendelea. Kinjia hichohicho kilirudiwa tena na tena. Nyaraka za Kiingereza ziliwaita watu wazima hawa "wavulana".

Kumbe kifaa cha kupimia kilikuwa mwili wa mtu! Na mwili huchoka. Hebu tupige hesabu. Ukiinama na kushika mzigo wa kilo 3 sentimita 50 mbele ya kiuno, misuli ya mgongo, iliyo kama sentimita 5 tu kutoka kwenye uti, inalazimika kuvuta mara kumi zaidi: sawa na kilo 30. Hapo uzito wa kifua na kichwa bado hatujauweka. Rudia hivyo kutwa nzima, ukichanganya na mwendo wa mabondeni, uone kiuno na magoti vitasemaje.

La kushangaza, watafiti walikagua hata uchakavu wa mabawa ya mbung'o ili kukadiria umri wake. Jedwali la mbung'o halikuwa na safu ya magoti ya mkamataji. Hili si suala la huruma peke yake. Mkamataji mwenye maumivu huchelewa kurusha wavu, mbung'o huponyoka, na namba inashuka wakati wadudu wako palepale.

Mwaka 1973 Challier na Laveissière walitangaza mtego wa kitambaa wenye umbo la pia mbili. Mtego huo hubaki porini, bila mtu kuwa chambo. Lakini nguzo bado hubebwa begani, na vikombe vya kunasia bado hubadilishwa kwa mikono.

Basi wewe unayeandaa utafiti wa porini, ongeza safu mbili kwenye daftari lako: kilo alizobeba msaidizi wako na kilomita alizotembea. Halafu muulize mgongo unaendeleaje, uandike na jibu lake.