Datsun 240Z: Magurudumu mapana yana hesabu yake

WAPENZI wa Safari Rally waliokula chumvi nyingi hawajalisahau gari la Datsun 240Z. Mnamo 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walinyakua ushindi wakiwa ndani yake. Miaka miwili baadaye, Shekhar Mehta na msomaramani wake Lofty Drews walilirejesha kileleni, baada ya kutoshana nguvu na Harry Källström wa Uswidi aliyeendesha Datsun 180B.

Gari hilo lilizinduliwa nchini Japani mwaka 1969 na kampuni ya Nissan, ambako liliitwa Fairlady Z. Lina milango miwili, viti viwili na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa lita 2.4 na kabureta mbili. Uzani wake ni takriban kilo 1,000 tu, na ndiyo sababu lilisifika kwa wepesi.

Kote duniani, mafundi na wapenzi wa magari ya kale wangali wanalifufua. Wengi wao hutamani kuliona likisimama juu ya magurudumu mapana yaliyotengenezwa kwa vipimo maalumu. Hata hivyo, kazi hiyo haianzii kwenye rimu.

Kutu ndiyo adui wa kwanza

Bodi ya 240Z haikukalishwa juu ya chasisi ya kando. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote. Kwa hivyo, kutu ikila chuma cha sakafu, nguvu ya gari zima hudhoofika.

Sehemu za kukaguliwa kwanza ni sakafu, mihimili iliyo chini yake, sahani inayobeba betri, sehemu za chini ya milango na ukingo wa mlango wa nyuma. Rangi mpya juu ya kutu ni sawa na kumpaka maiti manukato. Chuma kilichooza hukatwa na kipya kuchomelewa kabla ya jambo lingine lolote.

Baada ya bodi hufuata springi, shokabzoba, beringi za magurudumu na vipira vya viungo. Breki za kiwandani ni za diski mbele na dramu nyuma. Wengi hubadilisha kalipa za mbele na kuweka zile za pikapu za Toyota za 4x4 za miaka ya mwanzo ya 1980, kwa kuwa zina pistoni nne na hukaa bila marekebisho makubwa.

Anayetaka nguvu zaidi huweka injini ya lita 2.8 kutoka kwa ndugu yake, 280Z, kwani injini hizo mbili ni za ukoo mmoja.

Hesabu ya rimu

Rimu za chuma za kiwandani zina kipenyo cha inchi 14 na upana wa inchi 4.5 pekee, yaani milimita 114. Hushikiliwa na nati nne zilizo kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3. Rimu yoyote mpya sharti ilingane na kipimo hicho.

Tuseme mwenye gari anataka rimu ya inchi 8. Upana umeongezeka kwa inchi 3.5, sawa na milimita 89. Iwapo bamba linaloshika nati litabaki katika nafasi yake ya awali, rimu itasogea takriban milimita 44 ndani na milimita 44 nje.

Hapo ndipo taabu huanza. Upande wa ndani, tairi hukaribia kikalio cha springi. Upande wa nje, hutokeza nje ya madigadi. Ukilisukuma bamba ili kuepa springi, gurudumu hutoka nje zaidi. Beringi hulemewa na usukani huwa mzito. Mojawapo ya njia za kupata nafasi ndani ni kutumia springi nyembamba za kisasa.

Kimo cha tairi nacho ni muhimu. Tairi la 225/50 kwenye rimu ya inchi 16 lina kimo cha milimita 631 hivi, karibu sawa na lile la awali. La upana uo huo kwenye rimu ya inchi 15 lina milimita 606, hivyo mshale wa spidi utaonyesha mwendo mkubwa kuliko ule halisi.

Aidha, tairi pana hushika lami kavu vyema, lakini huelea kwa urahisi juu ya maji barabara inapofurika.

Kukata au kutokata?

Ili kufunika magurudumu mapana, wengi hukata madigadi na kufunga vipanuzi kwa skrubu. Wazo hilo si geni: Nissan yenyewe iliuza nchini Japani gari la 240ZG lenye vipanuzi vya aina hiyo.

Lakini chuma kikikatwa hakirudi. Mnamo Januari 2020, gari moja la 240Z la mwaka 1971 lililohifadhiwa kama lilivyotoka kiwandani liliuzwa mnadani nchini Marekani kwa dola 310,000. Ni vyema, basi, gari ambalo bado ni zima liachwe lilivyo, na msumeno utumiwe kwa lile ambalo kutu imekwisha kulila madigadi.

Mwisho, nati ziwe za umbo linalolingana na matundu ya rimu, na zikazwe upya baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza. Urembo wa gurudumu hauna maana likichomoka njiani na kuhatarisha maisha ya dereva na wapita njia.