Mvule wa Ugoma, tanga la Ujiji: historia ya bandari za Fizi

NUNDU – Anayefika ufukweni hapa Nundu akitafuta bandari ya kale hataona gati wala ukuta wa mawe. Ataona mchanga, mitumbwi iliyovutwa nchi kavu, wanawake wanaosubiri ndagala, na mafundi wanaoziba nyufa za mbao. Bandari nyingi za pwani ya Fizi zilikuwa hivyo tangu zamani: ni mahali ambapo upepo unaruhusu mtu kutua.

Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini huvuma kwa nguvu ziwani. Ndiyo maana Baraka ilipata bahati. Rasi ya Ubwari imeshikana na nchi kavu upande wa kusini, na ncha yake inaelekea kaskazini. Mawimbi makubwa hupiga mgongo wa rasi, na ghuba iliyo nyuma yake hupata utulivu. Nundu, iliyo kaskazini zaidi, haina kinga hiyo. Mvuvi wa huku hutazama anga kwanza ndipo ashushe mtumbwi.

Historia ya usafiri wa ziwa Tanganyika inaposimuliwa, jina la kwanza huwa Ujiji, ngambo ya Tanzania. Ni haki, kwa sababu katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliifanya kuwa kituo chao kikuu ziwani. Lakini mitumbwi mikubwa ya Ujiji haikuota Ujiji. Mingi ilichongwa upande huu wa magharibi, katika misitu ya mivule ya milima ya Ugoma, kusini mwa Ubwari. Gogo zima lilichimbwa, likateremshwa hadi majini, likavushwa na kuuzwa. Watu wa ziwa walikuwa wakipiga makasia. Wageni wa kutoka pwani ya bahari ndio walioleta tanga. Kwa hiyo chombo cha Ujiji kilikuwa na ujuzi wa pande mbili: mti na fundi wa magharibi, tanga la mashariki.

Mwaka 1858 Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Ujiji. Speke alivuka hadi kisiwa cha Kasenge kuomba jahazi la Mwarabu mmoja, akarudi bila chombo. Ikabidi wasafiri kwa mitumbwi. Walipitia Ubwari, wakavuka hadi pwani ya magharibi, wakafuata ufuko kuelekea kaskazini mpaka Uvira. Maana yake walipita mbele ya vijiji vya pwani hii ya Nundu. Burton aliandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Baadaye ilijulikana kuwa ni rasi, na ghuba ya Baraka ikapewa jina lake kwenye ramani, ingawa waliozoea kutua humo hawakuhitaji kuambiwa ni ghuba.

Mwaka 1876 Henry Stanley alizunguka ziwa lote kwa siku 51 akiwa na Lady Alice, mashua ya matanga iliyotengenezwa Teddington, Uingereza, na kubebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka pwani. Mwaka 1883 mapadri wa White Fathers walijenga misheni Kibanga, kwenye ghuba hiyo hiyo.

Si kila tanga lilileta heri. Vyombo hivyo vilivusha pembe za ndovu, na vilivusha watu waliofungwa kamba. Bandari ambayo mmoja aliihesabu kuwa ya biashara, mwingine aliiacha akiwa mtumwa na hakurudi tena.

Kisha zikaja meli za moshi. Meli ya Wajerumani, Graf von Goetzen, ilishushwa majini Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wazee wengi wa Fizi wanaijua kwa sababu nyingine. Mwaka 1997 ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikirudisha wakimbizi zaidi ya 75,000.

Waliokimbia vita mwaka 1996 wengi hawakupata meli. Walivuka usiku kwa mitumbwi na boti za mbao, wakitokea fukwe ndogo ambazo haziko kwenye orodha ya bandari yoyote. Kuanzia 2005 UNHCR ilipoandaa safari za kurudi kutoka Tanzania, Baraka ikawa mmoja wa milango ya kuingilia nyumbani. Mtu aliyeondoka akiwa amebebwa mgongoni alishuka hapo akiwa na mtoto wake mwenyewe.

Leo moteri imechukua nafasi ya tanga, na mvule mnene wa kutoa mtumbwi mzima ni shida kupatikana. Chombo ni mbao na misumari, mara nyingi kimejazwa kupita kiasi. Lakini upepo wa kusini haujabadilika, na mzee anayejua mwezi gani usivuke, na ufuko gani wa kukimbilia, bado anahitajika.

Wazee hao wengine wako Baraka, wengine Lusenda, wengine Nyarugusu. Watoto waliozaliwa mbali na ziwa waulize sasa: mlivukia wapi, mwezi gani, chombo kilikuwa cha mti gani. Majibu yao ndiyo sehemu ya historia hii ambayo akina Burton hawakuiandika.