Neno Lililozaliwa Kiwandani

Neno mekatroniki halikuzaliwa chuoni. Lilizaliwa Japani mwaka wa 1969, katika kampuni ya Yaskawa, pale mhandisi Tetsuro Mori alipokata kipande cha neno mekanizimu na kipande cha elektroniki akaviunga. Yaskawa ilikuwa kampuni ya mota za umeme tangu 1915. Wateja wake walikuwa na mashine za chuma, yenyewe ilikuwa na umeme, na ikataka vitu hivyo viwili viundwe pamoja tangu mwanzo. Ikaliandikisha neno hilo kama alama ya biashara, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 ikaliachilia litumiwe na yeyote. Vyuo vikuu vililidaka kutoka huko.

Hii habari nimeichimba kwa sababu binamu yangu ana digrii ya mekatroniki na sasa anatafuta pa kusomea masta. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo ni ajabu kidogo kwamba mimi ndiye ananiuliza. Lakini nasoma sana historia, na historia ya mahali husema mambo ambayo brosha haisemi. Ana njia tatu: Juja, Nyeri, au Ujerumani. Mamake ameshaanza kutaja shamba, na mzazi akishataja shamba, si mchezo tena.

Kuna wakati hapakuwa na kuchagua. Kati ya 1963 na 1970 Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na chuo kikuu kimoja, cha Afrika Mashariki, chenye matawi matatu. Ukitaka udaktari, Makerere. Sheria, Dar es Salaam. Uhandisi, Nairobi, katika chuo kilichoanza kupokea wanafunzi 1956 kikiitwa Royal Technical College. Kijana wa Mwanza mwenye ndoto ya mashine alipanda gari akaja Nairobi, basi. Serikali zilikuwa zimeshajua kwamba karakana ni ghali kuliko madarasa, na kwamba ukizigawanya mara tatu utapata karakana tatu mbovu.

Halafu kuna gari la Nyayo, ambalo watu hulitaja ili wacheke. Mwaka wa 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Wahandisi wa chuo, wakishirikiana na mafundi wa Shirika la Reli na wengine, wakaunda magari matano. Februari 1990 yalizinduliwa Kasarani, na yalikuwa yamejaribiwa hadi kilomita 120 kwa saa. Hebu tulia hapo kidogo, maana kicheko hutufanya turuke sehemu hii: yalitembea! Kilichoshindikana ni kutoka magari matano hadi maelfu. Hapo unahitaji mashine zinazokata chuma kile kile, kipimo kile kile, mara elfu kumi, zikiongozwa na kompyuta. Pesa za kufika huko hazikupatikana. Kampuni iliyoundwa kwa ajili ya gari hilo ikabadilishwa jina kuwa Numerical Machining Complex, na mashine za kompyuta zikabaki kutengeneza vipuri kando ya reli Nairobi. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sura ya kwanza ya mekatroniki Kenya, hata kama hakuna aliyeiita hivyo.

Juja ina hadithi nyingine. Mzee Kenyatta alitoa hekta 200 za ardhi, serikali ya Japani ikatoa majengo, vifaa na walimu, na wanafunzi wa kwanza wakaingia 1981, karibu wakati ule ule Yaskawa ilipokuwa ikiliachilia neno lake. Kikawa chuo kikuu kamili 1994. Mkono wa Japani haukuondoka. Hata karakana ya kuundia vielelezo iliyoko huko leo ilitokana na mradi wa Wajapani. Tena kampasi hiyo hiyo ndiyo mwenyeji wa taasisi ya sayansi na teknolojia ya Pan African University, ambayo wanafunzi wake hufadhiliwa na Umoja wa Afrika. Hapo mtu anaweza kusoma bila shamba kuguswa, akichaguliwa.

Nyeri ilianza kwa harambee, miaka ya 1970, wananchi wakichanga. Ilikuwa chini ya Juja kuanzia 2007, ikapata hati yake Desemba 2012 kwa jina la Dedan Kimathi. Ina kituo cha mafunzo ya mekatroniki kilichowekwa kwa ushirikiano na Siemens, na mimi naona chuo kilichotokana na mifuko ya wenyeji hakina sababu ya kuionea Juja aibu.

Ujerumani? Vyuo vingi vya umma huko havitozi karo, na hapo ndipo watu husikia neno bure wakaacha kusikiliza. Ubalozi utataka uweke zaidi ya yuro 11,000 kwenye akaunti iliyofungwa, uwe ukitoa kidogo kila mwezi. Ni pesa zako, ndiyo, lakini lazima kwanza uwe nazo. Ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Hapo ndipo shamba linaingia.

Jumanne binamu ameenda Juja. Nilimwambia aipite ofisi ya udahili kwanza, atafute fundi wa karakana, yule mwenye funguo. Amuulize ni mashine zipi zinafanya kazi leo, mwanafunzi wa masta huruhusiwa kuzishika saa ngapi kwa wiki, na ikiharibika moja, nani huitengeneza na huchukua muda gani. Wiki ijayo atapanda matatu ya Nyeri na maswali yale yale.