Gharika ya Mesopotamia
Gharika ya Mesopotamia ni kisa cha kale kutoka Iraki ya leo, kinachofanana mno na kile cha Nabii Nuhu. Katika kibao cha udongo cha 11 cha utendi wa Gilgamesh, mtu aitwaye Utnapishtim anaonywa na mungu Ea kuhusu gharika, anaunda chombo, kisha anaachia njiwa, mbayuwayu na kunguru; kunguru harudi. Mtaalamu Mwingereza George Smith alitangaza tafsiri ya kibao hicho London mwaka 1872. Mwaka 1929 mwanaakiolojia Leonard Woolley alidai kuipata gharika yenyewe katika tabaka nene la matope huko Ur, mji wa kale wa Mesopotamia. Alipiga chuku: Eridu, mji jirani, haukuwa na tabaka hilo, na lile la mji wa Shuruppak, la takriban 2900 KK, ni la baadaye sana kuliko la Ur. Yaelekea chimbuko ni mafuriko mengi ya mito Frati na Hidekeli.