Kesi ya Pitchfork

Kesi ya Pitchfork ni kesi ya mauaji ya Uingereza, ya kwanza duniani ambayo uchunguzi wa vinasaba ulisaidia kumtia muuaji hatiani. Ilihusu wasichana wawili wa miaka 15 waliobakwa na kunyongwa katika vijiji jirani vya Narborough na Enderby, Leicestershire, mmoja Novemba 1983, mwingine Julai 1986.

Kijana wa miaka 17 alikiri mauaji ya pili na kukana ya kwanza. Polisi walimwendea Alec Jeffreys, mwanajenetiki wa Chuo Kikuu cha Leicester aliyegundua mwaka 1984 mbinu ya kumtambua mtu kwa vinasaba vyake. Jeffreys alilinganisha shahawa zilizopatikana katika miili yote miwili na damu ya kijana huyo. Mhalifu alikuwa mmoja, wala si yeye. Kipimo hicho, na hili ndilo jambo zito kuliko yote katika kesi hii, kilimwokoa asiye na hatia kabla ya kumnasa mwenye hatia.

Mwaka 1987 wanaume takriban 5,000 wa eneo hilo walitoa damu au mate, lakini muuaji hakupatikana. Colin Pitchfork, mwoka mikate, alikuwa amemshawishi mfanyakazi mwenzake atoe damu kwa jina lake. Mwenzake huyo alisikika baa akiisimulia hila hiyo, na habari zikafika polisi. Pitchfork alikamatwa Septemba; vinasaba vyake vililingana na vya muuaji. Alikiri makosa mahakamani, na Januari 1988 akahukumiwa kifungo cha maisha.