Saratani ya Burkitt: Kipimo cha damu nacho hupimwa

MTOTO wa miaka sita anapofikishwa katika hospitali ya kaunti mjini Bungoma au Kitale akiwa na uvimbe tayani, daktari huwa na mambo mawili akilini. Huenda ni usaha wa jino tu. Huenda pia ni saratani ya Burkitt, ambayo seli zake zaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na ambayo haingoji majibu ya wiki kadhaa.

Njia inayoaminika hadi sasa ni kukata kipande cha uvimbe, kukihifadhi katika fomalini na kukipeleka kwa mtaalamu wa patholojia akitazame kwa hadubini. Wataalamu hao ni wachache na wengi wao wako katika miji mikubwa. Kitale na Eldoret, iliko Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, zimetengana kwa takriban kilomita 70. Ramani yaonyesha ujirani, lakini kwa mzazi anayeishi kwa kibarua cha shamba la mahindi, kwenda na kurudi mara tatu kufuata majibu si jambo dogo. Ndipo lilipozuka tumaini kwamba damu kidogo kutoka mkononi ingeweza kusema kile ambacho leo husemwa na kisu.

Tumaini hilo lina msingi. Seli za saratani zinapokufa humwaga vipande vya DNA katika damu. Seli za Burkitt zina alama mbili zinazotafutwa humo. Ya kwanza ni kuvunjika na kuungana vibaya kwa kromosomu, mara nyingi ya 8 na ya 14, jambo linaloiamsha jeni iitwayo MYC kupita kiasi. Ya pili ni virusi vya Epstein-Barr, ambavyo hupatikana katika karibu uvimbe wote wa aina hii katika maeneo ya Afrika yenye malaria nyingi.

Ugonjwa wenyewe ulielezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini akiuliza hospitali baada ya hospitali kama zimewaona watoto wenye uvimbe huo. Alibaini kwamba katika Afrika Mashariki ulipungua sana palipozidi mwinuko wa mita 1,500 hivi, yaani pale mbu wa malaria walipokuwa haba. Bungoma iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Kitale karibu 1,900. Mpaka wa Burkitt, basi, wapita katikati ya miji hii miwili. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliviona virusi hivyo jijini London katika seli zilizokuzwa kutokana na uvimbe uliosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala.

Hapa ndipo ugumu unapoanzia. Karibu kila mtoto wa magharibi mwa Kenya huambukizwa virusi hivi angali mdogo, na wengi mno hawapati saratani maishani mwao. Kipimo kinachouliza tu kama mtoto amewahi kuambukizwa hakina faida yoyote. Lazima kipime wingi wa DNA ya virusi, na hata wingi huo hupanda kwa sababu nyingine: utafiti uliolinganisha watoto wa Kisumu na wa Nandi ulionyesha kwamba palipo na malaria ya kudumu, watoto hubeba virusi vingi zaidi. Ukimwi nao huvipandisha. Kiwango kitakachofaa Kitale huenda kikawatia hofu bure wazazi wa Bungoma.

Msomaji na achukue mfano wa kubuni. Kipimo kinanasa wagonjwa 9 kati ya 10, na kinamsingizia ugonjwa mtu 1 kati ya kila 20 wasio nao. Hesabu hiyo yavutia. Kikitumiwa kupima watoto 100,000 vijijini ambao 10 tu ndio wagonjwa, kitawanasa 9 na kuwasingizia wapatao 5,000. Sasa kipimo kile kile kitumiwe wodini, kwa watoto 100 wenye uvimbe wa taya au tumbo, 40 kati yao wakiwa na Burkitt. Kitanasa 36 na kuwasingizia 3 pekee. Kipimo hakikubadilika, waliopimwa ndio waliobadilika. Kwa hiyo tangazo la kuwaita watu wote wenye afya wapimwe damu "kujua kama wana saratani" lastahili kutiliwa shaka, hata likipambwa vipi.

Hong Kong yatoa mfano wa kweli. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wanaume 20,174 walipimwa DNA ya virusi hivi hivi, lakini kwa saratani ya sehemu ya juu ya koo, nyuma ya pua. Waliopatikana navyo mara ya kwanza walikuwa 1,112. Waliporudiwa wiki nne baadaye, walibaki 309, na kati yao 34 walikuwa na saratani. Kurudia kipimo kuliwaondolea mamia hofu. Burkitt, hata hivyo, haitoi nafasi ya kungoja wiki nne.

Utafiti wa kukipima kipimo chenyewe una masharti. Wanaolinganishwa na wagonjwa wasiwe wanafunzi wazima waliookotwa shuleni, kwani kumtofautisha mzima na mahututi hakuhitaji maabara. Wawe watoto wenye jipu la jino, kifua kikuu cha mitoki, bandama iliyovimba kwa malaria au saratani ya figo. Kila mmoja afanyiwe vipimo vyote viwili, cha damu na cha kipande cha uvimbe. Anayesoma kimoja asijue jibu la kingine, na kiwango cha kuamulia kiwekwe kabla ya matokeo kuonekana. Mradi wa AI-REAL, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford, ulifuata mkondo huo wa kulinganisha damu na patholojia kwa watoto na vijana katika hospitali za Muhimbili na KCMC nchini Tanzania na Lacor kaskazini mwa Uganda.

Kisha kuna chupa ya damu. Ikikaa saa nyingi katika chupa ya kawaida, chembe nyeupe hupasuka na kumwaga DNA yake, na ile kidogo ya saratani humezwa humo. Ama damu izungushwe kwa mashine papo hapo hospitalini, ama itiwe katika chupa maalumu, za bei ya juu, zinazoihifadhi kwa siku kadhaa. Kipimo kilichofaulu katika maabara ya mjini hakijafaulu mpaka kijaribiwe kwa damu iliyosafiri kwa gari kutoka Bungoma.

Katika mfano wa wodini, watoto 4 kati ya wale 40 waliambiwa hawana ugonjwa ilhali wanao. Kwa hiyo mtoto ambaye uvimbe wake unaendelea kukua hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu tu damu yake "ni safi". Kipande cha uvimbe bado chahitajika. Upande wa pili, mwenye kifua kikuu akipewa dawa kali za saratani, kinga yake hushuka na maradhi halisi yakazidi. Anayetibiwa Burkitt mapema ana nafasi nzuri: katika nchi tajiri takriban watoto 9 kati ya 10 hupona, na siklofosfamaidi, mojawapo ya dawa zenyewe, imetumika Afrika Mashariki tangu miaka ya 1960.